Kibuyu cha Nashipai

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni kwa rafiki yangu hapa Arusha, nasubiri chai ichemke, huku yeye akifungua mzigo aliotumiwa kutoka kwao. Ndani ya mzigo, katikati ya nguo na mfuko wa maharage, kulikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alipong'oa kifuniko chake cha ngozi, ikatoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi, nami nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa kana kwamba kuna mtu amenibonyeza mabegani.

Si harufu ya moshi wa kuni wala wa mkaa. Wamasai huchukua kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, wakakiunguza ncha mpaka kiwe kaa jekundu, kisha wakakiingiza ndani ya kibuyu na kukizungusha humo mpaka kizimike. Moshi wake ni mtamu kidogo, mchungu kidogo, na hukaa nyuma ya ulimi hata ukishakwenda zako. Maziwa yakitiwa humo hayaharibiki upesi. Rafiki yangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimekumbuka kitu tu. Yeye sikumwambia ni kitu gani. Ninawaambia ninyi, maana mambo mengine ni rahisi kuyasema mbele ya mtu usiyemwona macho.

Nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, juu kidogo ya mji wa Karatu, upande wa barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Baba na mama ni Wanyaturu wa Singida. Walikuja kuchuma kahawa msimu mmoja, wakasema watarudi nyumbani mvua zikianza, na mvua zikaanza mara nyingi sana bila wao kurudi. Majirani zetu walikuwa Wagogo kutoka Dodoma na Wairaqw kutoka Mbulu, na sisi watoto tulitukanana kwa lugha zote tatu kabla hatujajua kusalimiana vizuri kwa hata moja. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye milango. Kahawa ilipochanua, kambi nzima ilinukia kama kuna harusi mahali fulani ambayo sisi hatukualikwa.

Mama alikuwa akichoma mahindi kando ya barabara, pale magari ya watalii yaliposimama kidogo kabla ya kuanza kupanda. Na jirani na jiko lake kulikuwa na kibanda cha shanga cha mwanamke mmoja wa Kimasai aliyetoka Endulen, kule juu Ngorongoro. Mimi nilimwita Koko, yaani bibi, kama watoto wa kwao wanavyomwita mwanamke wa umri ule. Jina lake ninalijua. Nitawaambia mbeleni kwa nini silitaji.

Koko alikuwa mrefu, mwembamba, na masikio yaliyovutika mpaka karibu na mabega. Alikuwa na miwani aliyopewa na mtalii mmoja, yenye kioo upande mmoja tu, kwa hiyo akitunga shanga alifumba jicho moja na kukaza lingine, ukadhani anamlenga mtu kwa mshale. Madereva walimtania, "Koko, unamlenga nani leo?" Naye hujibu bila kuinua uso, "Wewe, kama hununui."

Kumwamkia shikamoo hakukutosha. Alinifundisha siku ya kwanza kabisa: mtoto huinamisha kichwa, akangoja, na mkubwa huweka kiganja juu yake. Ndipo salamu imefika. Kila siku nikitoka shule nilikimbia hadi kibandani, nikainamisha kichwa, nikangoja. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kizito kidogo, nacho kilinukia moshi ule.

"Haya, nakerai," angesema, na nakerai kwao ni mtoto. "Umeleta nini?"

Hakuwa akiuliza chakula. Alikuwa akiuliza hadithi.

Lazima niwaeleze biashara ile ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa nilichokifanya. Kandokando ya barabara ile kulikuwa na vibanda vingi, na shanga za kila kibanda zilifanana na za jirani. Lakini kwa Koko kila kitu kilikuwa na hadithi yake. Mgeni akishika mkufu mwekundu, Koko alisema kwa Kiswahili chake kifupi, "Huo alivaa msichana aliyekataa kucheka." Akinyamaza, mimi nilidakia na kueleza kwa nini alikataa, na nani alijaribu kumchekesha. Kisha Safari, dereva wa Kiiraqw aliyependa mahindi ya mama kuliko madereva wote, alimtafsiria mgeni kwa Kiingereza. Koko alisema maneno matano, mimi nikasema ishirini, Safari akasema hamsini, na mgeni akaondoka na mkufu shingoni, akijitahidi kutocheka.

"Ni kweli, Koko?" nilimuuliza mara ya kwanza. "Alikuwepo msichana huyo?"

"Umempenda?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini unauliza?"

Sikuuliza tena. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza kwangu, na nililishika vizuri kuliko somo lolote la darasani.

Masomo mengine yalifuata. Nilipokuwa darasa la tano nilianza kumsomea insha zangu. Yeye hakujua kusoma, lakini alisikiliza kama mtu anayesikiliza injini ya gari bovu. Alifumba macho yote mawili, na mkono wake ukasimama juu ya bakuli la shanga. "Hapo umekimbia," alisema. "Rudi." Siku moja nilimsomea insha ndefu juu ya mvulana aliyepotea porini na ng'ombe wa baba yake, akalala chini ya mti, akaokolewa na askari wa wanyama, akapelekwa nyumbani, akapikiwa wali. Nilikuwa nimepata alama nzuri sana kwa insha ile. Nilipomaliza, Koko alifumbua macho.

"Huyo mtoto amekula wali," alisema.

"Ndiyo, Koko."

"Ng'ombe nani amewarudisha bomani?"

Nikaangalia daftari. Kweli, ng'ombe nilikuwa nimewasahau ukurasa wa pili. Mwalimu hakuona. Mama, aliyekuwa akipepea jiko, alicheka mpaka akakohoa. "Hawa mwanangu, ukija kuolewa utasahau na mume sokoni!" Lakini Koko hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ukimleta kiumbe kwenye hadithi, lazima ujue amelala wapi, hata kama hutasema. Mpaka leo, kila ninapomaliza kuandika kitabu, narudi mwanzo kuwatafuta ng'ombe.

Sasa niwaambie juu ya kibuyu.

Kilikuwa kidogo, cha kumtosha mtoto, na kimezungushiwa ukanda wa ngozi wenye simbi mbili na mstari wa shanga za buluu zilizofifia. Hakikuwekwa mezani na vitu vingine. Kilining'inia kwenye msumari nyuma, karibu na mfuko wake wa chakula, na jioni alikitia mfukoni na kwenda nacho kwenye chumba chake cha kupanga kule mjini. Kila Ijumaa, baba na wenzake wakiwa wameshuka msikitini, Koko alikuja kwenye jiko la mama na kijiti chake cha oloirien, akakiwasha, akakifukiza kibuyu kile taratibu, akikizungusha kwa mikono miwili. Kisha alikipiga-piga kwenye kiganja kutoa majivu, akakirudisha msumarini. Maziwa hayakutiwa humo hata siku moja.

"Koko, hiki ni cha nani?" nilimuuliza Ijumaa moja.

"Cha mtoto," alisema. "Alikunywa. Akaacha."

Nikangoja. Koko alikuwa hodari wa kunyamaza katikati ya hadithi ili hamu ikupande. Lakini safari hii hakuendelea.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

Nilimtazama. Alikuwa akifuta ncha ya kijiti kwenye majani. Nakumbuka vizuri nilichowaza, na ninaona aibu kukiandika: niliwaza kwamba Koko amechoka leo, hadithi hii haikumtoka vizuri. Haikuwa na msichana anayekataa kucheka, haikuwa na chochote. Nikaiweka akilini, kama fundi anavyoweka kiti cha mguu mmoja mbovu, nikasema nitakuja kuitengeneza.

Nafasi ilipatikana siku ya mnada. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na shule ilikuwa imefungwa. Koko alitaka kwenda mnadani kuonana na mpwa wake aliyeshusha ng'ombe kutoka Endulen, na pia kununua shanga. Kwa mara ya kwanza akaniachia kibanda peke yangu. Mama alikuwa amekwenda kambini kuchukua mahindi mengine. Koko aliweka kiganja juu ya kichwa changu mara ya pili siku ile, jambo ambalo si kawaida, akaondoka kwa hatua zake ndefu. Kibuyu kilibaki kwenye msumari wake. Nadhani aliogopa kukipeleka mahali ambapo ndugu zake wangekiona, lakini hilo nalijua sasa.

Haukupita muda, gari la Safari likasimama. Alikuwa na mgeni mmoja tu, mama mzungu mzee mwenye nywele nyeupe na mikono iliyotetemeka kidogo. Alishika mkufu, akauweka. Alishika bangili, akaiweka. Akainua macho, akaona kibuyu.

"Anauliza hicho," Safari alisema akitafuna hindi la jana. "Kina stori?"

Kina stori! Nikakishusha, nikakishika kwa mikono miwili kama Koko alivyokishika, nikaanza.

Nikasema ni cha msichana anaitwa Nashipai. Jina hilo nililichukua kwa msichana wa darasani kwetu, kwa sababu tu alikuwa na penseli za rangi na nilimwonea wivu. Nikasema Nashipai alikunywa maziwa katika kibuyu hiki mpaka akawa mkubwa wa kwenda shule, na siku ya kwanza alikwenda nacho. Mwalimu akakikataa. Nashipai akakificha kwenye kichaka cha leleshwa, na kila saa ya mapumziko alikwenda kukiangalia kama kipo. Akasoma. Akawa nesi. Akaolewa na mwanamume mrefu anayecheka sana, hata akiwa peke yake malishoni anacheka. Na mama yake amekitunza kibuyu, anakifukiza kila Ijumaa, kwa sababu Nashipai ana mimba, na siku moja atakuja kukichukua kwa ajili ya mtoto wake.

Hapo nilinyamaza. Niliacha hamu impande mgeni, kama Koko alivyofanya. Yule mama alisema kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza," Safari alisema, na hindi lilikuwa limesimama mkononi mwake, "kama Nashipai anakuja, yeye atakinunuaje?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Lakini mdomo wangu ulikuwa na jibu kabla yangu. "Mtoto amekwisha zaliwa," nikasema. "Wamemnunulia kikombe cha plastiki. Kibuyu kinataka mtu wa kukitunza."

Yule mama akalia. Akalia kweli, akatoa miwani, akajifuta kwa leso. Sijui alikuwa amemkumbuka nani. Mimi nilisimama pale na miguu yangu yenye vumbi, nikahisi nimekuwa mrefu kuliko paa la kibanda. Nilikuwa nimemliza mtu mzima kwa mtu ambaye hayupo.

"Dogo, umetisha," Safari alisema akiwasha gari. "Umeniliza hadi mimi, na mimi ni Mwiraqw." Kibuyu kikaondoka kimeviringishwa kwenye gazeti, mapajani kwa yule mama.

Koko alirudi alasiri na mfuko wa shanga. Nilimkimbilia, nikainamisha kichwa, kiganja kikaja. Sikumpa hata nafasi ya kukaa. "Koko, nimeuza! Nimesimulia mwenyewe! Nimemliza mzungu wa watu!"

Aliangalia meza. Kisha akaangalia msumari.

Akakaa chini taratibu, mkono mmoja ukishika nguzo. Alikaa kimya, na mimi nikadhani ni kimya kile cha kusikiliza insha.

"Uliwaambia nini?" aliuliza.

Nikamsimulia yote. Alifumba macho yote mawili. Nilipofika kwenye jina, akainua kidole.

"Umemwita nani?"

"Nashipai."

"Nashipai," alisema, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea. "Nashipai. Rudia pale alipokwenda shule."

Nikarudia.

"Kichaka kilikuwa mbali na darasa?"

"Hapana, Koko. Alikiona dirishani."

"Na huyo mume. Anacheka?"

"Anacheka sana."

"Ng'ombe wake wa rangi gani?"

"Wekundu. Na mmoja ana doa jeupe hapa." Nikagusa paji la uso wangu.

Alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini hata yule mzungu alikuwa amelia, kwa hiyo mimi nilijiona nimeshinda mara mbili kwa siku moja. Kisha Koko akainuka, akaacha shanga, akaacha miwani, akaacha kibanda wazi, akaenda zake kwa njia ya mjini bila kugeuka.

Mama alirudi na gunia la mahindi kichwani, akauliza mbona kibanda kiko wazi. Nikamweleza, nikijisifu bado. Aliutua mzigo.

"Kibuyu kipi?"

"Kile kidogo."

"Hawa," mama alisema. "Hawa, umeuza mtoto wa watu."

Ndipo nilipoambiwa. Koko alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, akafa kabla hata hajajua kutembea vizuri. Ndugu zake walitaka kibuyu kiachwe hukohuko alikolazwa mtoto, pamoja na kila kilichokuwa chake. Koko akakificha ndani ya shuka, na ugomvi wa jambo hilo, pamoja na mengine, ndio uliomshusha kutoka Endulen mpaka kwenye barabara yetu. Mama aliyajua haya kwa miaka. Aliyajua kwa kuwa kaa la kufukizia lilitoka kwenye jiko lake.

"Mtoto alikuwa anaitwa nani?" niliuliza. Sijui kwa nini nilitaka kujua hilo kwanza.

"Hakuniambia. Kwao aliyekufa haitwi tena jina."

Nilikimbia. Nilikimbia barabarani kuelekea mlimani mpaka mbavu zikaniuma, vumbi jekundu la magari likinijaa mdomoni, mpaka mama aliponishika mkono. "Unakimbilia wapi? Wameshaingia kreta ya Ngorongoro hao." Tulimpigia Safari simu kutoka kwa msimamizi wa kambi. Hakupatikana. Kule juu mtandao wa simu haukuwa wa kutegemea siku zile. Tukapiga tena kesho yake, na kesho kutwa. Kati ya simu na simu nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara, nikikagua kila gari linaloshuka. Nilijua sauti ya gari la Safari kwa kuwa lilikuwa na kitu kinachogonga chini. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia yule mama mzungu, safari hii maneno ya kweli, machache.

Siku ya tatu nikasikia kugonga kule. Nikasimama katikati ya barabara. Safari akafunga breki, akatoa kichwa nje kunitukana, kisha akaona uso wangu.

Viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

"Nimemshusha Seronera, kule Serengeti," alisema. "Kapanda ndege. Kuna nini, dogo?"

Mama alimweleza. Safari alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, na mimi sikuwahi kumwona bila kofia. Alisema yule mama alikipakata njia nzima, hakutaka kukiweka kwenye mizigo. Alisema ataandika ofisini kwao, ofisi imwandikie mgeni. Aliandika kweli. Mimi niliuliza kila mara alipopita, na kila mara alitikisa kichwa, mpaka ikafika wakati nikawa nikimwona kwa mbali nageuka kutazama migomba, nisimlazimishe kutikisa kichwa tena.

Koko alirudi kibandani baada ya siku chache. Nilimwendea. Nikainamisha kichwa, nikangoja, nikijiambia haitakuja, na ni haki isije. Kiganja kikaja. Kilekile, kikavu, kizito kidogo. Ningependa angenipiga.

Ijumaa iliyofuata alikuja kwenye jiko la mama na kijiti chake, kwa mazoea. Akakiwasha. Kikawa chekundu, kikafuka. Ndipo akakumbuka. Alisimama nacho mkononi, moshi ukienda ovyo na upepo, mpaka kikazimika chenyewe. Mama alijifanya anageuza mahindi.

"Nakerai," Koko alisema. "Niambie Nashipai."

Nilitikisa kichwa, nikatazama miguu yangu. Nilidhani ananiadhibu. Nilidhani anataka nirudie uovu wangu kwa mdomo wangu, kama mwalimu anavyokusimamisha mbele ya darasa.

Mara ya pili ilikuwa wakati kahawa inachanua. Alikuwa akitunga, jicho moja limefumbwa. "Huyo Nashipai," alisema, kana kwamba tunamzungumzia jirani. "Siku anajifungua ilikuwaje?" Nikasema mama ananiita, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeniagiza.

Mara ya tatu alikuwa amefungasha. Kifua kilikuwa kinamsumbua, mpwa wake amekuja kumchukua. Kibanda kilikuwa kitupu, imebaki misumari tu. Nilikwenda kumuaga. Aliweka kiganja kichwani kwangu, na hakukiondoa upesi.

"Kidogo tu," alisema. "Hata pale pa shule."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimeamua, kwa ukali wote wa mtoto aliyetubu, kwamba sitatunga tena maishani. "Koko," nikasema, "ule ulikuwa uongo. Nilidanganya. Sitadanganya tena."

Alinitazama. Hakukasirika. Alionekana tu kama mtu aliyefika kwenye kisima akiwa na kiu, akakuta kimefungwa na watu wenye nia njema.

"Sikukuuliza kama ni kweli," alisema.

Kisha akamfuata mpwa wake barabarani, mrefu, hatua ndefu, na mfuko wake begani ulikuwa mwepesi mno.

Hakurudi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekwisha mpwa wake alipokuja mnadani na ng'ombe, akapita kwenye jiko la mama, akanunua hindi, akasema tu, "Koko wenu hayupo." Hakutaja jina, nasi hatukulitaja. Ndiyo maana hata hapa silitaji. Ni heshima pekee niliyobakiwa nayo ya kumpa.

Nimeishi na kibuyu kile kwa miaka yote hii. Zamani nilidhani kinachoniuma ni kukiuza. Lakini nilikiuza kwa kutojua, na mtoto wa miaka kumi na moja, hata mimi ninayemhukumu kwa ukali, nimemsamehe kutojua. Nilichoelewa nikiwa mtu mzima, nilipozika mtu wangu mwenyewe na kutamani mtu yeyote anizungumzie habari zake hata za kubuni, ni kitu kingine. Koko alikuwa amefungiwa jina la mwanawe, asilitamke. Mimi, kwa wivu wa penseli za rangi, nilimpa jina analoweza kulitamka. Mtoto aliyekufa hajajua kutembea, nilimtembeza mpaka shuleni, nikamvisha sare ya nesi, nikampa mume anayecheka. Kibuyu kilipoondoka, kilichokuwa kimebaki cha huyo mtoto duniani kilikuwa mdomoni mwangu. Naye alikuja kukiomba mara tatu. Kwa upole, kama mtu anayeomba kaa la moto kwa jirani. Na mimi nikamnyima, nikidhani ninatenda wema.

Rafiki yangu alinikuta bado nimekaa juu ya ndoo. Chai ilikuwa imechemka mpaka ikamwagika jikoni. Nikamwomba kibuyu chake, nikakiweka mapajani, mdomo wake chini ya pua yangu, nikafumba macho yote mawili.

Koko, Nashipai alijifungua asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni. Mtoto wa kike. Mume alicheka mpaka wakunga wakamfukuza nje. Kichaka cha leleshwa bado kipo, nimepita kukiangalia, na dirisha la darasa linatazama palepale. Na ng'ombe, usiwe na wasiwasi, wamerudi bomani wote, hata yule mwenye doa. Nashipai amewarudisha mwenyewe.